Sanda ya Nyanya na Yangeyange wa Msambweni

Kabla hamjasikia kwa watu wengine, nawaambia mwenyewe: ni kweli, nilichukua sanda ya nyanya yangu nikaenda nayo baharini kupigia picha ndege. Nyanya alikuwa hai. Alikuwa kitandani, siku ya nne hali kitu ila maji kwa kijiko, na mama alikuwa ameshaanza kuzungumza kwa sauti ndogo, ile sauti ambayo watu huitoa nyumba ikishakuwa na mgonjwa wa namna hiyo. Mimi nikafungua sanduku, nikabeba, nikaondoka. Ndilo jambo la kijinga kuliko yote niliyoyafanya katika utumishi wangu, na nimeliweka mbele ili tusipotezeane wakati.

Sasa tufuate utaratibu. Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba. Nimefanya kazi katika studio ya picha ya Bi Zuhura hapa Msambweni miaka mitatu, kila Jumamosi na kila likizo, na sasa mtihani wa kidato cha nne umenitoa kazini kama uzee unavyowatoa wengine. Tofauti ni kwamba wao hupewa saa ya mkononi na hotuba. Mimi nimepewa kitabu cha jiometri. Saidi na Mwanaisha, nyinyi mnaoshika nafasi yangu, Bi Zuhura kasema niwaandikie ninayoyajua. Kasema pia nisiandike upuuzi. La kwanza nitalijaribu.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati la sikukuu ya Idi, nikidhani nitakabidhiwa kamera. Nilikabidhiwa ufagio. Nilipomaliza kufagia, Bi Zuhura alinitia katika chumba cha giza, akanipa filamu kuukuu iliyokwisha haribika na kigurudumu chake, akasema, "Izungushe humu mpaka mikono ijue. Macho yako sina haja nayo." Akafunga mlango kwa nje. Nilizungusha, ikanitoka, nikazungusha tena, ikanitoka tena. Nilipochoka nikaanza kuimba. Akapiga mlango kwa kandambili: "Filamu haina masikio, Bakari. Mimi ninayo."

Kwa wasiomjua, Bi Zuhura alikuwa mke wa mpiga picha. Mume alipiga picha, yeye akazisafisha gizani, miaka na miaka, na watu wakimsifu mume. Mume alipofariki, Bi Zuhura alimaliza eda yake, akafungua mlango wa studio, akakuta wanawake wamejipanga hadi barabarani. Kumbe kina mama wote waliokuwa hawataki kupigwa picha na mwanamume walikuwa wakimngoja yeye. Tangu hapo wanawake ni wake, na wanaume, watoto na mbuzi wa harusi wakawa wangu. Mwanaisha, wewe utakuwa na bahati: utapiga wote.

Uhuru ulikuwa mbichi bado. Watu walikuja wamevaa nyeusi, nyekundu na kijani, wakitaka picha ionyeshe bendera. Filamu yetu haikuijua rangi hata moja. Bwana mmoja wa Kombani aliirudisha picha yake akidai tumemtia majivu. Bi Zuhura akamwambia bendera iko, ila imelala. Yule bwana akaitazama tena, akaridhika, akaondoka nayo.

Vyombo vyetu mtavikuta vilevile. Kamera ya macho mawili, ile ya kutazamia juu: ukimfuata ndege kulia, katika kioo huenda kushoto, na mwezi wa kwanza utapiga picha nyingi nzuri za mahali ndege alipokuwa. Picha ni kumi na mbili kwa filamu, hakuna ya kumi na tatu, hata ukiomba. Maji ya dawa yapozwe mtungini tangu usiku. Ukitumia maji ya mchana ya kwetu, ngozi ya filamu huchubuka kama mtoto wa surua. Kamera ifungwe ndani ya kikoi kilichokauka. Kipima mwanga tulikuwa nacho kimoja, na hicho nitakisema vibaya muda si mrefu.

Sasa ndege. Mwaka huo alikuja mkaguzi kutoka ofisi moja ya vitabu huko Mombasa, bwana mpole mwenye jasho jingi. Alisema wanatengeneza vitabu vipya vya shule, na hawataki tena watoto wetu wasome juu ya ndege wa theluji. Walitaka ndege wa maji wa kwetu, na wa kwanza awe yangeyange. Ila kulikuwa na sharti. Mashine yao ya kuchapa ilikuwa mbovu. Kivuli chochote kiligeuka tope la wino. Kwa hiyo nyuma ya ndege pawe peupe, chini pawe peupe, na ndege mwenyewe, ambaye ni mweupe, aonekane.

"Mweupe juu ya weupe," nikasema.

"Ndiyo."

"Si afadhali nikupe karatasi tupu, bwana? Nami nitakuapia kwamba yumo."

Bi Zuhura alinifinya. Mkaguzi akacheka kwa adabu, akatuachia filamu tatu, akatupa muda hadi likizo iishe.

Mtu angesema, nenda asubuhi mapema jua likiwa laini. Huyo mtu hajui maji ya kwetu. Yangeyange hula bahari ikikauka, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa saa nne kwenda saa tano, jua likiwa linakupiga utosini kama deni la mtu mwingine. Ukienda mapema, kuna maji na hakuna ndege. Ukienda jioni, vilevile. Jua kali ndilo jua la kazi. Bi Zuhura alilijua hilo. "Usigombane nalo," alisema. "Liache lifute vyote visivyotakiwa. Wewe nibakishie mdomo, jicho, miguu na mstari wa mgongo. Hivyo vinatosha, macho ya mtu yatammalizia ndege."

Filamu ya kwanza nilikitii kipima mwanga. Kifaa kile kikiona weupe mwingi huingiwa na hofu. Hukwambia funga tundu la lenzi, funga, funga. Nikafunga. Nikapata yangeyange kumi na mbili wa rangi ya jivu, kama waliotoka jikoni. Bi Zuhura akanifundisha la kufanya: fungua tundu kuliko unavyoambiwa, kisha ukiisafisha filamu punguza muda ndani ya dawa, ili weupe usizibe manyoya. Andikeni hilo ukutani.

Filamu ya pili weupe ulikuja, ila nyuma ya ndege palikuwa na mikoko, nayo ilitokea nyeusi tii, kama ndege kasimama mbele ya tanuri. Karatasi iliyokuja na filamu ilisema mpiga picha aweke jua mgongoni. Jua la saa nne kwetu liko upande wa bahari. Kwa hiyo kila siku niliipa bahari mgongo, nikaitazama mikoko, nikailaani. Nikaona dawa ni kuificha kwa nguo nyeupe. Nilijaribu shuka zetu: zilikuwa za manjano kwa uzee. Nilijaribu kanzu ya mjomba: ikatosha kuficha mkoko mmoja, tena mwembamba. Hapo nikaikumbuka bafta.

Niwaeleze hiyo bafta, nguo nyeupe ya pamba, maana Saidi ni mgeni mjini. Babu alirudi nayo kutoka Makka, imetoswa katika maji ya zamzam, kipande kizima hakijakatwa. Aliileta iwe sanda ya nyanya, na nyanya aliipokea kama wenziwe wanavyopokea mkufu. Aliikunja ndani ya sanduku la msaji pamoja na kafuri wanayotiwa maiti. Kila alipogombana na mtu alisema, "Mimi sina haja na mtu, nguo yangu ninayo." Ilikuwa nyeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona.

Na niseme jingine, maana nilikwisha sema nitasema kweli. Zile siku nyanya alipolala, mimi nilishinda baharini hata siku ambazo hazikuwa za ndege. Pumzi zake zilikuwa zikisikika hadi uani, na mimi sikutaka kuzisikia. Nilipolifungua sanduku lile sikujiambia kwamba nachukua sanda. Nilijiambia nachukua bafta, nitairudisha kabla ya adhuhuri. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji maneno mengi.

Shida ya mwisho ilikuwa ukaribu. Kamera yetu haina lenzi ya kuvuta mbali, na yangeyange akimwona mwanamume kwa mbali huruka. Lakini hawaogopi wanawake wanaotanda uduvi. Kina mama wetu huingia maji ya magotini, wawili wawili, wameshika nguo kwa ncha, wakiikokota chini kuwakusanya wale kamba wadogo. Nao yangeyange huwafuata nyuma kama watoto wafuatavyo ngoma, wakidokoa. Basi nilijifunga leso mbili za Bi Zuhura, moja kiunoni, moja kichwani, nikaingia majini.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

Bi Mwanakombo ndiye kiongozi wao, jirani yetu, sauti yake husikika hadi kijiji cha Gazi. Alinitazama kuanzia juu hadi chini. "Marahaba. Jamani, huyu bibi harusi mwenye miguu myembamba ya kitwitwi katoka wapi?"

"Ni Bakari, mie."

"Najua ni Bakari. Leso yenyewe umejifunga kama gunia la nazi. Mamako yuajua?"

"Ni kazi ya serikali," nikasema, na wote wakacheka hadi ndege wawili wakaruka. Lakini walikubali. Bi Mwanakombo akashika ncha mbili za bafta, mkaza mwanawe akashika mbili, wakaisimamisha nyuma ya ndege kama pazia.

"Bafta nzuri hii," akasema. Akainusa. "Mbona yanukia kafuri?"

"Mama huweka, kwa ajili ya mende."

"Mende wenu wana heshima."

Nilipiga picha nane. Nguo ilipepea, ndege akahama, kivuli cha Bi Mwanakombo kikaingia na makalio yake. Zikabaki nne. Mara mwanamke mmoja akapiga kelele, "Uduvi! Uduvi huo!" Kundi zima lilikuwa likipita, maji yamegeuka uji. Nami naapa kwamba Bi Mwanakombo hakukusudia. Mikono yake imetanda miaka arubaini. Mtu akilia uduvi, nguo iliyo mkononi hushuka yenyewe. Bafta ya Makka ikazama hadi chini, ikakokotwa, ikainuka imejaa. Ilivua kuliko nguo zote za siku ile.

Yangeyange wakaja kwa fujo. Mmoja akapita ubavuni mwangu kuelekea maji makuu, nikageuka naye kwa magoti, nikazipiga zile nne zote huku nikimlaani kila mtu kimoyomoyo.

Kisha nikasikia jina langu. Dada yangu Mwanaidi alikuwa amesimama ufuoni, anapunga mikono miwili. "Bakari! Mama akuita! Nyanya kazidiwa! Mama yuafungua sanduku, yuataka bafta aiweke karibu!"

Bi Mwanakombo aliitazama nguo iliyokuwa mikononi mwake, na uduvi wakirukaruka ndani.

"Bakari. Nambie kwamba hii si ile."

Nikakosa mzaha. Mara ya kwanza maishani, nikautafuta nikaukosa.

"Ndiyo ile," nikasema.

"Astaghfirullah." Akaigeuza, uduvi wote wakarudi baharini, akaikamua, akanipa. "Kimbia."

Nilikimbia na leso zangu mbili, kamera shingoni, sanda begani ikinitiririkia mgongoni. Nilipita sokoni hivyo. Hakuna aliyenicheka, na hilo lilinitisha kuliko yote. Nilikuwa nikijisemea neno moja tu: asife kabla sijafika. Kisha nikajikuta najisemea neno fupi zaidi: asife.

Nilipofika niliisimamisha pumzi yangu mlangoni nisikie yake. Sikusikia kitu. Mama alikuwa amekaa chini kando ya sanduku lililo wazi, kanipa mgongo, kaziba uso kwa leso, mabega yanamtikisika. Ndipo sauti kutoka nyuma ya pazia ikasema, nyembamba lakini ya hasira: "Nimeomba dafu tangu saa ngapi? Ama katika nyumba hii hadi mtu afe ndipo apewe maji?"

Homa ilikuwa imemwacha. Alikuwa ametoka jasho la kulowesha godoro, kisha akalala usingizi wa kweli, wa kimya, na ule ukimya ndio niliouogopa mlangoni. Nilikaa kizingitini nikalia kama mtoto wa chekechea, na sioni haya kuliandika.

Mama aliunyosha tu mkono kuelekea kisimani. Nikaenda, nikaifua ile bafta mara tatu kwa sabuni ya kipande, mara ya nne kwa hofu, nikaianika uani, ikapepea nyeupe pee, inaonekana hadi barabarani.

Hapo nilifanya ujinga wa pili, ila huo nilifanya kwa nia safi. Kina mama wa uduvi walikuwa wamesharudi mjini na habari kwamba nyanya kazidiwa. Watu wakapita, wakaiona bafta kwenye kamba. Wakajumlisha. Ilipofika alasiri uani mwetu mlikuwa na mikeka sita, wazee wanne, birika la kahawa, na Bi Mwanakombo akilia kwa sauti yake ile ya Gazi. Mama alikuwa ndani akimlisha nyanya uji. Mimi nilikuwa nimesimama katikati nikisema, "Jamani, jamani," na kila aliyenisikia alinikumbatia.

Pazia likafunguka. Nyanya alikuwa amesimama, kaushika mlango kwa mkono mmoja, na Mwanaidi kwa mwingine.

"Nani kafa?" akauliza.

Mzee mmoja alimwaga kahawa.

"Nauliza nani kafa, nivae buibui nami nije."

Walipomweleza, kwa kukatizana na kuombana radhi, nyanya hakukasirika hata kidogo. Alitaka kiti. Aliwatazama wote mmoja mmoja, polepole, kama mwalimu anayeita majina. Akauliza kwa nini binamu yake wa Diani hakuja. Akamwambia Bi Mwanakombo, "Wewe umelia vizuri. Huyo aliye kando yako alikuwa akitazama kahawa." Kisha akaiona nguo yake kwenye kamba. Mimi nikarudi nyuma ya tangi la maji.

"Imetakata hiyo," akasema. "Isikunjwe hadi ikauke vizuri."

Yu hai mpaka leo ninapoandika. Ameniambia nisisahau kutaja kwamba uji ule haukuwa na sukari.

Filamu ya tatu niliisafisha Jumamosi iliyofuata, Bi Zuhura akiwa kasimama nyuma yangu. Zile picha nane za nguo zilikuwa za kutupa: mikunjo, vivuli, kidole gumba cha mkaza mwana. Kati ya zile nne za mwisho, tatu zilimwonyesha ndege kakatwa kichwa au miguu. Moja ilikuwa nzima. Bi Zuhura aliinyanyua mwangani akaitazama muda mrefu. Yangeyange kainua mguu mmoja, mdomo mweusi, jicho, mstari wa mgongo, vidole vyake vya manjano vimetoka hafifu. Pengine pote ni mwanga mtupu.

"Nguo iko wapi hapa?" akauliza.

"Iko chini ya maji, yavua uduvi."

"Na mikoko?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilipogeuka na yule ndege nilikuwa nimeitazama bahari kwa mara ya kwanza. Jua lilikuwa mbele yangu, juu. Nyuma ya ndege hapakuwa na kitu ila maji membamba yaliyoibeba mbingu ya saa tano, na mchanga mweupe uliurudisha mwanga kutoka chini ukamfuta kivuli tumboni. Kila siku ule weupe ulikuwepo, mgongoni mwangu. Saidi, Mwanaisha: ile karatasi inayokuja ndani ya kasha la filamu, someni, kisha geukeni mtazame upande wa pili. Ni hilo tu nililolipata kwa miaka mitatu.

Mkaguzi aliichukua picha hiyo. Alitoa jasho la furaha, ambalo halina tofauti na lile jingine.

Lakini mama. Tangu siku ile hakuwa ameligusa jambo la sanduku. Alinisalimu, alinipakulia, alinituma dukani, na hakusema neno. Wiki nzima nililala nikisubiri lije. Fimbo ningeijua namna ya kuipokea. Kimya hicho sikukijua. Siku ya Jumapili nikachukua nakala ya picha aliyonichapia Bi Zuhura, nikampelekea chumbani alikokuwa akimkunjia nyanya nguo, nikasimama mlangoni, nikamnyoshea, nikasema nisamehe. Aliipokea, akaishika kwa mikono miwili, akaiinamia. Kisha akasema, bila kuninyanyulia uso, na haya ndiyo maneno yake hasa:

"Nilipolifungua lile sanduku nikaliona tupu, Bakari, nilikaa chini nikacheka hadi machozi. Nikajiambia, leo mama hafi, hana nguo ya kwendea. Haya, sogea hapo mlangoni, wanizibia mwanga; nataka kumwona huyu ndege."